Picha Namba Kumi na Saba Haipo

Mwanaisha aliniandikia wiki iliyopita, mwezi mmoja tu tangu nirudishe funguo za maabara, na swali lake nilijua litakuja. Anauliza: katika lile fungu la picha sitini za nyuso tunazowaonyesha watu, mbona namba kumi na saba ni kijivu kitupu? Faili limeharibika, au ni makusudi? Na je, ajaze uso mwingine? Nimemjibu asiguse kitu mpaka amalize kusoma haya. Kwa kuwa na nyinyi wengine mtakuja kuuliza lilelile, nawaandikia nyote kwa pamoja, na nitaanza mbali, maana mstaafu ana kitu kimoja ambacho nyinyi hamna, nacho ni nafasi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa tikiti maji. Nilikuwa nimetoka masomoni na shahada yangu, nimevaa viatu vipya, nikidhani nitapelekwa moja kwa moja kwenye siri za ubongo. Dokta Susheela, mwanamke mfupi wa Kerala aliyeianzisha maabara ile, aliliweka tikiti juu ya meza, akanipa kofia yenye vile vitufe vya kunasa mawimbi ya ubongo na sindano ya jeli, akasema, "Yalla, livishe." Nililivisha tikiti kofia kwa saa mbili nzima, kitufe kimoja kimoja. Nilipowasha mashine, mistari kwenye skrini ikaanza kurukaruka. Nikafurahi.

"Daktari," akaniambia, "ukiona tikiti linafikiri, tatizo ni lako."

Tikiti lile tulilila baada ya adhuhuri, jeli tumeiosha. Mpaka leo kila mgeni huanza na tikiti, na msiiache desturi hiyo. Mashine iko tayari wakati wowote kukuonyesha unachotaka kukiona.

Maabara yenyewe ilikuwa orofa ya chini ya jengo la zamani nyuma ya Al Muraqqabat, mtaa wa Deira hapa Dubai, mahali palipokuwa ghala baridi la matunda. Kuta zake ni nene, dirisha hakuna, na ukifunga mlango honi za Deira zinakatika ghafla. Watu walisema chumba kile kina kitu. Mimi nilisema kina giza tu, na giza ndilo tulilolitaka, kwa sababu kazi yetu ilikuwa kupima jinsi mtu anavyoona. Lakini nakiri kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kukaa mle peke yangu na mlango umefungwa.

Mwaka uleule wa kwanza nilikutana na kisa kilichonifunga na kazi hii. Alikuja mama mmoja, mshona nguo, aliyepata kiharusi upande wa nyuma wa ubongo, hapa kisogoni. Macho yake yalikuwa mazima, mboni zinacheza, lakini alisema dunia imezimika, haoni hata mwanga wa taa. Dokta Susheela alimwomba atembee kwenye ukumbi kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hakumwambia kwamba katikati tumeweka kiti, ndoo na sanduku, nami nikawekwa nyuma yake nimdake. Mama yule alitembea taratibu. Alikizunguka kiti. Aliipisha ndoo. Kwenye sanduku aligeuka ubavu, akapita, akafika mlangoni, akauliza, "Mbona mmenyamaza? Kuna nini?"

Tulipomuuliza kwa nini alipinda, alisema hakupinda. Alikasirika, akadhani tunamfanyia mchezo. Mtu huyu macho yake yalikuwa yanaona, miguu inajua, ila yeye mwenyewe hakupewa habari.

Somo la Dokta Susheela lilikuwa hili: mgonjwa wa namna hii usimuulize unaona nini, maana atakujibu haoni, na atakuwa anasema kweli. Mwambie abahatishe. Kushoto au kulia? Duara au mraba? Atacheka, atalalamika, kisha atapatia kuliko bahati inavyoruhusu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakufika kwenye maabara yetu.

Sasa nije kwenye picha. Nyuso tulizoletewa na vitabu vya kigeni zilikuwa za watu wa namna moja, kama abiria wote wa ndege moja. Nikazionyesha kwa watu wa Deira, ambako asubuhi moja sokoni unaona sura za nusu ya dunia, majibu yakawa hovyo. Nikaamua kutengeneza fungu letu. Nilipiga picha walinzi, wauza vitambaa, wapishi, binamu zangu wa Kizanzibari waliozaliwa hapa, mpaka zikatimia hamsini na tisa. Masharti yalikuwa mawili: mtazamaji asimjue yeyote, na mtafiti asiwe na lake ndani.

Picha ya sitini niliitoa nyumbani. Ilikuwa picha ya pasipoti ya kaka yangu Nassor, na kompyuta ilipozigawia namba ikaangukia kumi na saba.

Niliwaambia watu, na nilijiambia mwenyewe, kwamba nimeichagua kwa ubora wake: ukuta mweupe nyuma, uso umenyooka, hacheki wala hanuni. Ni kweli ilikuwa picha nzuri kwa kazi. Lakini sikuichagua kwa hilo.

Nassor alikuwa karani wa mizigo kwa wakala mmoja pale gatini kwenye Khor, ile hori inayoingia mjini. Ijumaa moja, mimi nikiwa na miaka kumi na tatu, alitoka asubuhi akisema atarudi kula baada ya sala, na hakurudi. Hakuonekana hospitali, hakuonekana polisi, na jina lake halikuwemo kwenye karatasi za chombo chochote kilichotoka siku ile. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Mama yangu alikataa. Tangu Ijumaa ile aliipakulia sahani ya Nassor kwanza, akaifunika kawa, na sote tulikaa mpaka alasiri inakaribia ndipo tukaruhusiwa kula. Ijumaa nyumbani kwetu pilau lililiwa baridi. Mama alipofariki nilidhani mambo yatakwisha, kumbe nilikwisharithi. Nimeolewa, nimezaa, na wanangu wamekua wakidhani ndivyo watu wote wanavyokula siku ya Ijumaa.

Basi ukweli ni huu. Nilimweka kaka yangu mbele ya macho ya mji mzima. Mwaka baada ya mwaka watu walikaa kwenye kiti kile gizani, wanafunzi, mabaharia, madereva, mabibi waliokuja kwa ajili ya kahawa ya bure, na uso wa Nassor ukawamulikia kwa kitambo cha kupepesa jicho, nami nyuma ya kioo natazama kama kuna ubongo hata mmoja utakaoshtuka. Hakuna ulioshtuka. Wote walimpita kama tunavyopitana barabarani. Nililipwa mshahara kwa utafiti, na hapohapo nilikuwa namtafuta ndugu yangu.

Dokta Susheela alistaafu, akarudi kwao, nikabaki na funguo. Katika miaka yangu ya mwisho akaja Mwanaisha kutoka Mombasa, fundi wa mitambo mwenye mikono mizuri kuliko wote niliofanya nao kazi, na kwa pamoja tukatengeneza ile mashine mnayoiita Kengele. Wageni watakaosoma nawaeleza: ubongo ukikutana na uso unaoujua hutoa wimbi fulani, hata kama mwenyewe hana habari. Kengele hulinasa wimbi hilo na kuligeuza mlio. Uso mgeni, mlio uko chini. Uso unaojulikana, mlio unapanda. Mtu asiyejua kwamba anaona angeweza sasa kusikia kile ambacho macho yake yanamficha.

Mzee Athumani aliletwa na binti yake, Tima, mwenye duka la mabuibui pale Deira. Alikuwa mtu wa Mombasa aliyeishi Dubai tangu ujanani, mrefu, msafi, kofia yake ya kito imekaa sawasawa. Kiharusi kilimpiga palepale kisogoni. Aliomba kitu kimoja tu.

"Nataka nimjue mwanangu aingiapo," alisema. "Sitaki nimngoje aseme ndipo nimjue. Mwaniweza?"

"Tutajaribu, mzee wangu. Ahadi siwezi kukupa."

"Daktari akisema kweli ni nusu ya dawa. Haya, nivisheni."

Tulichanganya picha ya Tima kwenye lile fungu, tukazima taa. Mlio ulikwenda chini, chini, chini, kisha ukapanda. Mzee akainua kichwa. Nikamwambia kwa kipaza sauti, "Huyo ni Tima." Alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akalia, na Tima naye akalia nyuma ya kioo. Mimi nilijifanya nasafisha miwani.

Duru ya pili mlio ulipanda mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Tima. Mara ya pili ulipanda juu kuliko kwa Tima, na mzee akageuza uso pembeni, upesi, kama mtu aliyekutana njiani na asiyetaka kukutana naye. Nikatazama namba kwenye kompyuta yangu.

"Unaona nini, mzee?" nikauliza, swali lilelile nililofundishwa nisiulize.

"Sioni kitu, daktari, n'shawaambia. Ni giza. Lakini huyo yuwaniangalia."

Mwanaisha alinong'ona, "Daktari, hii kumi na saba iko na shida. Niitoe?"

"Iache."

Mwanaisha alikagua kila kitufe. Alibadilisha nyaya. Siku ya pili tulinunua tikiti, tukalivisha kofia, tukalionyesha nyuso zote sitini, na tikiti halikumjua mtu. Tukamrudisha mzee kitini, kompyuta ikazichanganya picha upya, na kila Nassor alipopita, mlio ukapanda na kile kichwa cheupe kikageuka pembeni. Tima aliniambia kwamba nyumbani baba yake ameanza kulala na redio imewashwa, kwa sababu kukiwa kimya anausikia ule mlio.

"Kuna mtu mle mwenu," mzee mwenyewe aliniambia. "Kuna mtu anijuaye."

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na ndilo hasa ninalowaandikia. Nilipaswa kusimamisha kazi, nimweleze mzee picha ile ni ya nani na imefikaje pale, kisha nimwachie yeye aamue kama anataka kusema neno au kwenda zake. Hiyo ndiyo kanuni, nimeifundisha mwenyewe, nina hakika baadhi yenu mmeinakili kwenye madaftari. Badala yake, asubuhi ya siku ya tatu, nilimtuma Mwanaisha na Tima wakatuletee chai ya karak duka la mbali. Nikafunga mlango. Nikaingia kile chumba, nikakaa karibu naye gizani, nikaiamuru mashine ionyeshe picha moja tu, kumi na saba, tena na tena.

Mlio ulipanda, ukashuka, ukapanda.

"Zima, daktari."

Sikuzima.

"Mwaniwekea nani hapo? Mimi kipofu. Mwaniwekea nani?"

"Anaitwa Nassor bin Salim. Alikuwa karani gatini."

"Simjui," akasema.

Nikazima skrini. Giza likawa tupu, hakuna picha ya mtu yeyote mbele yake. Na ule mlio ukapanda, ukapanda kupita siku zote, ukakaa hukohuko juu. Tuliusikiliza sote wawili. Nilisikia pumzi zake, naye bila shaka alisikia zangu. Nimefanya kazi na vichwa vya watu maisha yangu yote, lakini siku ile ndipo niliposikia mtu akikanushwa na kichwa chake mwenyewe, na sijui kama kuna haki ya kumfanyia binadamu jambo lile.

"Wewe nani wake?" akauliza.

"Dada yake. Mdogo wake."

"Yule avaaye miwani? Asomaye mpaka macho yamuume?"

Miwani yangu ya kwanza nilivalishwa mwaka uleule alioondoka Nassor. Hakuna aliyejua hilo ila watu wa nyumbani.

Mzee Athumani aliniambia hivi. Walikuwa makarani wa wakala mmoja. Ijumaa ile chombo kilikuwa tayari kutoka kwenda Mombasa, na karani wa kusafiri na mzigo akaugua. Arbab wao, yaani tajiri mwenye kazi, akasema yalla, Nassor aende, jina lake litaandikwa baadaye. Hapakuwa na wakati wa kupita nyumbani. Nassor akamshika mkono rafiki yake, akampa salamu za kupeleka nyumbani kwetu Muraqqabat. Athumani akaahidi. Mchana ule alikuwa na kazi. Kesho yake alikuwa na kazi. Wiki ikapita, akasema atakwenda Ijumaa nyingine. Kisha ikaja habari kwamba chombo hakikufika, na yule arbab akawaambia makarani: jina halikuandikwa, kwa hiyo mtu hakuwemo, na mwenye kutaka kazi afunge mdomo.

"Ukawa mzigo juu ya mzigo," alisema. "Ningekwenda nikaseme nini? Nimeleta salamu za mtoto wako, na mtoto mwenyewe maji yamemchukua? Nikaogopa. Kisha mama yako akaja gatini. Alikuwa na picha ndogo mkononi, akituonyesha mmoja mmoja. Akanifikia mimi. Akainua ile picha hapa, mbele ya macho yangu. Akaniuliza, mwanangu, wamjua huyu? Nikamwambia simjui."

Hakuhitaji kuniambia ni picha gani. Mama hakuwa na nyingine.

Nilimchukia. Nasema waziwazi kwa sababu nimechoka na maandishi ya wataalamu ambamo hakuna anayemchukia mtu. Nilimfikiria mama akirudi kutoka gatini kwa miguu na picha kwenye pindo la kanga. Nilifikiria zile Ijumaa zote. Neno moja tu la mtu huyu, na mama yangu angemlilia mwanawe, angekaa eda ya moyo wake, angemaliza.

"Salamu zenyewe zilikuwaje?" nikauliza.

Akajinyoosha kwenye kiti. Kofia ya nyaya ilikuwa bado kichwani mwake. Akaelekeza uso palipotoka sauti yangu, akatamka kama mtu aliyesimama mlangoni ambaye ndiyo kwanza amepiga hodi:

"Nassor awasalimu nyote. Asema, mle. Msimngoje."

Akabaki amenielekezea uso, na nikajua anangoja nini. Kwetu sisi salamu ni amana. Aliyebebeshwa hajatua mpaka aliyepelekewa ajibu, na jibu lake linawagusa wawili, aliyetuma na aliyeleta, huwezi kumpa mmoja ukamnyima mwingine. Mlio ulikuwa bado juu. Sikutaka kumpa. Nilitaka akae nao, kama sisi tulivyokaa na pilau baridi. Lakini Nassor naye alikuwa upande wa pili wa jibu hilo, akingoja kwa miaka yote ile, na sikuwa na njia nyingine ya kumfikia.

"Alayka wa alayhis-salaam," nikasema. Amani iwe juu yako, na juu yake.

Mlio ulianza kushuka. Ulishuka polepole mpaka ukafika chini kabisa, nami nikakaa pale gizani nalia, na yule mzee akinitafuta bega kwa mkono asilione, ila mkono ulikwenda moja kwa moja mahali lilipo.

Tima na Mwanaisha waliporudi na chai nilikuwa nimeshawasha taa. Niliwaeleza yote, pamoja na kosa langu, na nikawaandikia wakubwa barua ya kujishtaki. Mzee hakutaka nishtakiwe. Aliendelea kuja. Juma lililofuata, mimi nikiwa nje ya kioo na Mwanaisha ndiye mwenye kuendesha, fungu lote lilipita mbele yake. Kwa Tima mlio ulipanda. Kwa kumi na saba haukupanda. Uso wa kaka yangu ulipita kimya kama uso wa mtu yeyote, na yule mzee hakugeuza kichwa. Hilo nalo sikulitegemea, na liliniuma kuliko nilivyodhani. Alikuwa ndiye mtu pekee katika mji huu aliyekuwa akimshtukia.

Kisa hiki hamtakikuta kwenye jarida lolote. Mtazamaji mmoja, siku chache, na mwenye kupima ni dada wa picha: ningekuwa mhakiki ningekitupa nje mimi mwenyewe. Mzee Athumani sasa yuko kwao Mombasa na binti yake, na nasikia Tima akiingia chumbani baba yake humtaja jina kabla hajafungua mdomo, bila hata mashine.

Kwa hiyo, Mwanaisha, faili halijaharibika. Picha niliitoa mwenyewe, nikaacha kijivu. Usiweke uso mwingine pale. Fungu likifika namba hiyo acha skrini ikae tupu kwa kitambo kilekile, kisha endelea na uso unaofuata.

Ijumaa baada ya siku ile nilipika pilau mwenyewe. Wanangu walitoka msikitini, wakakaa mkekani, wakaniangalia wakingoja nipakue ile sahani ya kwanza na kuifunika. Kawa la mama nilikuwa nimeshalitundika ukutani. Nikawaambia mjomba wenu ametuma salamu, anasema tule. Tulikula chakula kingali cha moto, na kwa kuwa sikuwa nimezoea, nikaungua ulimi.